Kamati ya Glastonbury

Mtu akiniambia anataka kwenda Glastonbury, lile tamasha kubwa la muziki la huku Uingereza, simuulizi anampenda msanii gani. Namuuliza likizo kazini kwake inaombwaje. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya matunzo hapa Reading. Wenye watoto wa shule husubiri zifungwe Julai, kwa hiyo wiki ya mwisho ya Juni ndiyo sisi wengine tunayoigombea, na msimamizi wa zamu haruhusu watu wawili wa kitengo kimoja kuondoka pamoja. Niliiomba wiki hiyo Oktoba, kabla sijajua kama nitapata tiketi. Ukiikosa tiketi, likizo utaipumzikia nyumbani kwako. Ukiwa na tiketi halafu ukose likizo, umekwama, kwa sababu tiketi ya Glastonbury haiuzwi kwa mtu mwingine wala hairithishwi ndugu.

Ugumu huo una historia. Tamasha lenyewe liko shambani, Worthy Farm, kijiji cha Pilton, Somerset. Mwenye shamba, Michael Eavis, ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Septemba 1970 aliita wanamuziki, akatoza pauni 1, na aliyeingia akapewa maziwa ya shambani bure. Siku hizi wanaingia watu zaidi ya 200,000 kwenye ekari zipatazo 900, wanalala mahemani kuanzia Jumatano hadi Jumatatu. Kuna wakati walioruka uzio walikuwa wengi mno. Mwaka 2000 hali ilizidi, mwaka uliofuata tamasha halikufanyika, na 2002 ukajengwa uzio wa chuma ambao hata kima angefikiria mara mbili. Tangu 2007 kila mnunuzi lazima ajisajili kwanza na picha yake, na picha hiyo inachapishwa kwenye tiketi. Langoni wanakutazama uso, wanatazama karatasi. Kwa hiyo ile tabia yetu ya "nitachukua ya fulani, haendi tena" haina nafasi pale.

Sasa, sisi Watanzania tukikabiliwa na jambo lenye gharama, tarehe na watu wengi, tunajua kitu kimoja tu cha kufanya: tunaunda kamati. Nimekaa kwenye kamati za harusi tangu sina kazi, na nilivyoisoma taratibu ya Glastonbury niliona wazi kwamba hii ni harusi isiyo na bibi harusi. Kwa muamala mmoja unaruhusiwa kununua tiketi zisizozidi sita, basi tukawa sita. Mimi na mume wangu. Wifi yangu wa Leicester na kijana wake aliyezaliwa huku. Dada mmoja wa Mombasa, msusi, ambaye ana vyama vitatu vya kuzungushiana pesa na hajawahi kupoteza hata senti ya mtu; huyo tukampa uweka hazina bila kura. Na jirani yetu wa Bukavu, mpiga gita la kanisani, sote tunamwita Papa.

Kikao cha kwanza kilikuwa jikoni kwangu. Ajenda ilikuwa moja: kila mmoja aonyeshe namba yake ya usajili, na usajili huo uwe hai. Hili si jambo dogo. Novemba 2023 mauzo yalisogezwa mbele kwa wiki mbili nzima ili watu wapate nafasi ya kukagua usajili wao, maana wapo waliodhani wamo kumbe wametoka. Siku ya kununua unajaza namba ya usajili na msimbo wa posta wa kila mtu kati ya wale sita. Dada wa Mombasa aliandika zote kwenye karatasi moja, akaipiga picha, akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp, akafunga mjadala.

Mdogo wangu wa Dar es Salaam alitaka kuwa wa saba. Alipiga simu akiwa na furaha, amekwishawaambia na wenzake wa kazini. Ikabidi nimpigie hesabu ya kalenda. Tiketi unalipia malipo ya awali ya pauni 75 Novemba, na salio unamalizia wiki ya kwanza ya Aprili. Viza ya kutembelea Uingereza huwezi kuiomba zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari. Tamasha lilikuwa tarehe 26 hadi 30 Juni 2024, maana yake ombi la viza linaweza kuingia mwishoni mwa Machi, na jibu linaweza kukukuta umekwisha kulipa salio au muda wa kulipa umekwisha pita. Bei nzima ilikuwa pauni 355, ukiongeza 5 za huduma, zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu, kabla hujagusa nauli ya ndege. Nilimwambia asipeleke fedha mahali ambapo viza bado ni dua. Februari alipanda boti, baada ya kama saa mbili akawa Unguja, akaingia Ngome Kongwe kusikiliza Sauti za Busara, na picha alizonitumia nikiwa nimevaa koti mbili zilikuwa ni uchokozi mtupu.

Mauzo yapo ya aina mbili. Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, zinauzwa tiketi zilizoambatana na nafasi ya basi kutoka miji mbalimbali. Jumapili, saa tatu asubuhi, zinauzwa za kawaida. Watu wengi hupuuza Alhamisi kwa sababu ya kazi. Sisi tulijaribu zote. Alhamisi nilikuwa zamuni, mume wangu na wifi wakahangaika, hawakupata. Jumapili kila mtu alikaa kwake, na hilo lilikuwa agizo la kamati: hakuna kukusanyika nyumba moja na kung'ang'ania intaneti moja. Mwaka ule ilikuwa bado ule mtindo wa kubaki unaupakia ukurasa upya hadi mlango ufunguke. Mauzo yaliyofuata, ya Novemba 2024, walileta foleni ambayo unapangiwa nafasi kwa bahati. Binafsi naona foleni ina utu zaidi. Kupakia ukurasa nusu saa kunamtoa mtu jasho la bure, na anayepata hajui amepata kwa nini.

Aliyefunguliwa mlango ni wifi. Mwanamke ambaye simu yake ina ufa katikati na betri haifiki adhuhuri. Alitupigia hasemi kitu, anapiga vigelegele tu, na mume wangu akadhani kuna msiba. Ndani ya saa moja tiketi za nchi nzima zilikuwa zimekwisha. Aliyekosa bado ana Aprili, zile zilizorudishwa zinapouzwa tena, ila ni chache na zinakwisha upesi kuliko za mwanzo.

Jambo linalowashangaza watu wa nyumbani ni kwamba hadi hapo hakuna ajuaye nani ataimba. Orodha kubwa ya kwanza ya wasanii ilitoka katikati ya Machi. Umelipa Novemba, unajua ulichonunua miezi minne baadaye. Baba yangu aliniambia kwa simu kwamba nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilipomweleza kuwa gunia hilo lina majukwaa zaidi ya mia moja, alinyamaza kidogo, akasema basi hao ni mbuzi wengi.

Fedha nitazisema kwa kifupi kwa sababu mweka hazina alituondolea maumivu. Alitaka kila mtu aweke pauni 70 kila mwezi kuanzia Desemba. Ikifika Aprili, salio la wote sita lililipwa siku ya kwanza dirisha lilipofunguliwa, na hakuna aliyeulizwa "vipi, umeshalipa?" Swali hilo ndilo limevunja urafiki mwingi kuliko mapenzi. Kilichobaki kikawa cha treni, hema na chakula. Tiketi za treni tulizinunua mara tu zilipotoka, kama miezi mitatu kabla. Kutoka Reading kuna treni ya moja kwa moja hadi Castle Cary, na pale stesheni mabasi ya tamasha yanakubeba bure hadi langoni mradi una tiketi. Ukiwa na gari utaegesha mbali, halafu Jumatatu utakaa kwenye msururu wa magari ukiwa umechoka na macho mekundu. Papa alikuwa na gari zuri na alitaka kulionyesha. Tulimkatalia.

Kuhusu mizigo, orodha za mitandaoni zimeandikwa na watu wanaoogopa matope. Wana haki. Miaka kama 1997, 2005, 2007 na 2016 inasimuliwa hadi leo; ile ya 2005 mvua ilijaza bonde na mahema yakaelea. Lakini Juni 2024 ilikuwa kavu, ardhi ngumu kama barabara ya vumbi, na waliokuja na mabuti ya mpira peke yake waliungua miguu. Uamuzi wetu wa mabuti ulisubiri utabiri wa hali ya hewa wa Jumatatu ya wiki ile ile. Ninachoshikilia mimi ni viatu ambavyo mguu umekwisha kuvizoea, maana kutoka jukwaa moja hadi jingine unaweza kutembea nusu saa, na kwa siku unafanya hivyo mara nyingi. Usiku wa Juni huku ni wa baridi hata kama mchana ulikuwa jua kali. Na jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja asubuhi. Hema linageuka tanuri ukiwa ndiyo kwanza umelala. Bila kitambaa cha macho na vizibo vya masikio, utaimba na waimbaji lakini hutalala.

Kitu ambacho hakimo kwenye orodha zao ni kanga. Nilibeba doti mbili. Ilikuwa shuka, ilikuwa taulo, ilikuwa kivuli tulipoketi kilimani, na ilikuwa pazia la kubadilishia nguo mahali ambapo majirani wako mita moja kutoka hema lako. Siku ya pili binti mmoja wa Kiingereza kwenye hema la jirani aliniuliza nimeinunua duka gani.

Kingine ni kopo. Nitasema waziwazi kwa sababu hakuna atakayekuambia. Vyoo vya Glastonbury ni mada ya kitaifa. Vingi ni vya shimo refu, safu ndefu ya milango ya chuma isiyo na paa, na vingine ni vya kutengeneza mboji, unamwagia kijiko cha vumbi la mbao ukimaliza. Waingereza wanavizungumzia kwa hofu ambayo mimi, niliyekulia Tanga kwa bibi, sikuielewa. Choo cha shimo chenye upepo na mbingu juu ni choo bora kuliko vile vya plastiki vilivyofungwa. Shida yetu ni maji. Mabomba ya maji safi yapo mengi, bure, lakini hayako mlangoni mwa choo. Kopo lenye mfuniko, unalijaza kabla hujapanga foleni, ndilo lililonipa amani tamasha zima. Mabomba hayo hayo yalitufaa kwa udhu, na kibla tuliipata kwa simu siku ya kwanza tukaiwekea alama ya kigingi. Magharibi inaingia karibu saa tatu na nusu usiku, muda ule ule ambao wasanii wakuu wanapanda. Mwenye swala zake apange mapema atasimama wapi, kwa sababu ukishaingia katikati ya watu elfu themanini hutoki.

Na chupa ya kujazia maji, bila shaka. Tangu 2019 maji ya chupa za plastiki za kutupa hayauzwi mle ndani. Chakula kipo cha kila taifa na bei zake ni za mjini. Tulibeba chapati za siku ya kwanza, karanga, tende na ubuyu. Anayetaka chakula cha bure, kuna hema la Hare Krishna linalogawa wali na mchuzi usio na nyama; Papa alikula pale hadi wakamjua.

Malango yanafunguliwa Jumatano saa mbili asubuhi. Mjadala wa kamati ulikuwa: twende Jumatano au Ijumaa, maana majukwaa makubwa yanaanza Ijumaa. Wifi aliona ni kupoteza siku za likizo. Mimi nilisimama kidete kwa Jumatano, na sasa hivi ndivyo ninavyomshauri kila mtu, kwa sababu Jumatano ndiyo unayochagua jirani. Kuna viwanja vya familia, Cockmill Meadow na Wicket Ground, vyenye utulivu. Kuna Pennard Hill, vijana hawalali na hawataki ulale. Anayefika Ijumaa anajibana palipobaki, mara nyingi kwenye mteremko au njia ya kwenda chooni. Tulipata mahali pa tambarare, tukasimamisha mti wa hema na kufunga kitenge cha njano juu yake. Usiku, mahema elfu kadhaa yanafanana yote. Kitenge hakikufanana na kitu.

Simu haziaminiki pale watu wote wanapopiga picha kwa pamoja, hivyo tulikuwa na mahali pa kukutania, mnara wa rangi ulioko eneo la The Park, ambao unauona kutoka mbali. Na kulikuwa na amri ya saa. Kijana wa wifi anaelewa Kiswahili chote isipokuwa saa. Ukimwandikia "saa tatu usiku", yeye anakuja saa tisa, na pale Glastonbury saa tisa usiku bado kuna muziki, hivyo hata hashtuki. Mweka hazina aliamuru muda wote uandikwe kwa tarakimu: 21:00. Nilipinga kidogo kwa heshima ya bibi yangu, kisha nikakubali.

Muziki wenyewe ndio tuliupanga kidogo kuliko vyote, na nadhani ni sawa. Kila mtu alipewa haki ya kuchagua onyesho moja ambalo wote lazima tuhudhurie. Mengine kila mtu ajiendee. Papa alichagua Femi Kuti. Mume wangu alichagua Coldplay, na usiku ule Femi Kuti akapandishwa tena jukwaani nao, Papa akatembea kifua mbele kana kwamba alimleta yeye. Mimi nilichagua Michael Kiwanuka, Mwingereza wa London ambaye wazazi wake walitoka Uganda, mwenye sauti ya mtu anayeongea peke yake jikoni. Msusi wetu wa Mombasa, tuliyedhani atachagua Burna Boy, alichagua Shania Twain. Wasiojua Kenya walishangaa. Wanaojua jinsi Wakenya wanavyopenda kantri walitikisa kichwa tu. Aliimba kila neno, amesimama juu ya begi lake, na jioni ile ile akamwona Burna Boy kwenye jukwaa lile lile.

Wifi hakuchagua mwanamuziki. Alisema haki yake ataitumia Ijumaa, kwa msanii Marina Abramović aliyepanda jukwaa kuu, Pyramid, kuomba umati wote unyamaze dakika 7. Nilidhani haitawezekana. Ilifanyika. Dakika ya tatu Papa alininong'oneza kwamba kanisani kwao hawajawahi kumpa mchungaji hata dakika moja ya namna hiyo.

Na kijana? Alichagua Shangri-La, eneo la usiku wa manane, nasi tukatimiza wajibu wetu. Nilikaa robo saa, nikarudi kwenye hema langu.

Jumatatu kila mtu anaondoka kwa wakati mmoja. Treni yetu tuliikata ya mchana, na nilifurahi, maana foleni ya mabasi ya kwenda Castle Cary saa za asubuhi ilikuwa imezunguka uwanja. Tulivunja hema letu tukalibeba. Wapo wanaoyaacha yakisimama, mazima kabisa, na hili sitalikubali hata nikielezwa vipi: ni shamba la ng'ombe, kigingi kimoja kikibaki kwenye majani kinaishia tumboni mwa mnyama. Ndiyo maana kila baada ya miaka kadhaa ardhi inapumzishwa. Ilipumzishwa 2018, na 2026 ni mwaka mwingine wa mapumziko.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na kikao cha kuvunja kamati, kwangu, pilau juu ya meza. Mweka hazina alisoma mapato na matumizi hadi betri za tochi. Kulikuwa na bakaa ya pauni 41. Mume wangu akatoa hoja zigawanywe. Papa akasema zisigawanywe, zinunue hema lenye nguzo ngumu, kwa sababu lile tulilokuwa nalo lilimlalia usoni usiku wa upepo. Wifi akauliza hema la nini wakati hatujui kama tutapata tiketi tena. Papa akamjibu kwamba Oktoba anaomba likizo, tiketi ije isije. Ikapigwa kura, hema likashinda nne kwa mbili.